Picha Inayosimama kwa Miguu Yake: Mama, Machozi na Jalada la Polisi

Ukiingia katika ofisi yoyote ya umma nchini mwetu, kabla karani hajainua kichwa, utakuwa umekwishatazamwa na picha ya kiongozi wa nchi. Imetundikwa juu, ndani ya fremu, nyuma ya kiti cha mkubwa wa ofisi. Picha hiyo ina kazi yake: inamkumbusha mwenye shida kwamba yuko mbele ya dola. Kwa sehemu kubwa ya historia, uchoraji wa sura za watu umefanya kazi hiyohiyo. Waliochorwa ni wafalme, majemadari, maaskofu, wafanyabiashara wakubwa na wake zao. Uingereza ilipoanzisha jumba lake la kitaifa la picha za sura mjini London, mwaka 1856, nia ilikuwa kukusanya sura za watu waliotukuka katika historia ya nchi hiyo. Mwenye shida hakuchorwa. Alikaribishwa kuja kutazama.

Picha ninayotaka kuizungumzia leo imekwenda kinyume cha desturi hiyo. Inaitwa No Woman, No Cry, jina lililochukuliwa kutoka katika wimbo maarufu wa Bob Marley, na ilichorwa mwaka 1998 na Chris Ofili, mchoraji aliyezaliwa Manchester mwaka 1968 kwa wazazi wenye asili ya Nijeria. Leo ni mali ya Tate, jumba la taifa la sanaa la Uingereza. Nimeichagua kwa sababu historia yake haitenganishiki na historia ya jalada moja la polisi, na najua kwamba wengi wanaosoma safu hii ama wanafanya kazi na majalada au wanapambana nayo.

Kwanza tuitazame yenyewe. Ni picha kubwa, ina urefu wa karibu mita mbili na nusu na upana wa karibu mita mbili kasoro. Inamwonyesha mwanamke Mweusi mwenye nywele zilizosukwa, macho ameyafumba, na machozi yanamtiririka shavuni. Nyuma yake kuna rangi ya dhahabu iliyopambwa kwa mistari inayokatana kama wavu. Wanasanaa huita kazi ya namna hii kazi ya vifaa mseto, maana mchoraji hakutosheka na rangi na brashi. Ofili ametumia rangi za mafuta na za akriliki, rezini inayoangaza kama utomvu uliokauka, kalamu ya risasi, unga unaometameta, pini za ramani, vipande vya karatasi vilivyochapwa picha, na kinyesi cha tembo.

Ukisogea karibu, machozi hayabaki kuwa machozi tu. Ndani ya kila chozi imebandikwa picha ndogo mno ya kijana mmoja, uso uleule ukijirudia kutoka jichoni hadi shavuni. Ukizima taa za chumba, yanajitokeza maandishi yaliyoandikwa kwa rangi inayong'aa gizani: jina la Stephen Lawrence, dua ya kumtakia marehemu pumziko la amani, na miaka miwili, 1974 na 1993. Mtu anayeitembelea picha hii mchana, taa zikiwa zimewaka, anaweza kupita bila kuyaona. Jina limo, ila linamngoja anayekubali kukaa gizani.

Kifuani mwa mwanamke huyo ananing'inia bonge la kinyesi cha tembo kama kidani. Mabonge mengine mawili yako sakafuni, na picha nzima imesimama juu yake, ikiegemea ukuta. Kwenye mabonge hayo jina la picha limeandikwa kwa vichwa vya pini za rangi, nusu huku na nusu kule. Kwa hiyo picha hii haikutundikwa juu ya kichwa cha mtu yeyote. Inasimama chini, pale anaposimama mtazamaji, kwa miguu yake yenyewe.

Habari ya kinyesi ilizua kelele nyingi kuliko ilivyostahili, na nitaipitia haraka. Ofili alikwenda Zimbabwe mwaka 1992 kwa ufadhili wa masomo, akaona michoro ya kale katika mapango ya milima ya Matopo, na akarudi na kinyesi cha tembo. Alipoendelea kukitumia alikipata kwenye bustani ya wanyama ya London. Yaani tembo wenyewe walikuwa wahamiaji. Mwaka 1993 alipanga mabonge yake juu ya kitambaa, kama mchuuzi wa barabarani, mjini Berlin na katika soko la Brick Lane mjini London. Miaka sita baadaye, picha yake nyingine, ya Bikira Maria, ilipoonyeshwa katika jumba la Brooklyn, meya wa New York wa wakati huo, Rudolph Giuliani, alijaribu kulinyima jumba hilo fedha za jiji, na mahakama ikamzuia. Sisi tuliozoea kuona nyumba za Wamaasai zikikandikwa kwa kinyesi cha ng'ombe, zikakaa imara na kulaza watoto, tungemweleza meya kwamba kitu hicho si lazima kiwe tusi. Kinafunika nyufa na kuzuia upepo. Inatosha kuhusu kinyesi.

Stephen Lawrence alizaliwa London mwezi Septemba 1974. Wazazi wake, Doreen na Neville, walitoka Jamaika. Baba alikuwa fundi wa kupiga lipu na kupaka rangi nyumba. Stephen alitamani kuwa msanifu majengo. Usiku wa tarehe 22 Aprili 1993, saa nne na nusu hivi, alikuwa na rafiki yake Duwayne Brooks karibu na kituo cha basi katika barabara ya Well Hall, mtaa wa Eltham, kusini mashariki mwa London. Kundi la vijana wa Kizungu lilivuka barabara likitamka neno la kibaguzi, likamzingira Stephen na kumchoma kisu mara mbili. Tukio lote halikufikia nusu dakika. Alikimbia zaidi ya mita mia moja, damu ikimvuja, akaanguka. Alikuwa na umri wa miaka 18. Wauaji hawakumjua, wala yeye hakuwajua.

Kilichofuata ndicho kinachowahusu watumishi wa umma. Polisi waliofika pale hawakumpa Stephen huduma ya kwanza ipasavyo. Duwayne Brooks, aliyenusurika kuuawa na ambaye ndiye aliyekuwa shahidi mkuu, hakutendewa kama mhanga. Ndani ya siku moja baada ya mauaji, majina ya watuhumiwa yalikuwa yameanza kufika kwa polisi. Mojawapo ya njia ilikuwa barua iliyoachwa katika kibanda cha simu. Nyumba zilipelelezwa kwa picha, watu wakaonekana wakitoka na mifuko, wala hakuna aliyewasimamisha. Hakuna aliyekamatwa hadi tarehe 7 Mei, wiki mbili baadaye. Siku moja kabla ya hapo, tarehe 6 Mei, Nelson Mandela, aliyekuwa ziarani London, alikutana na wazazi wa Stephen na kusema hadharani kuhusu thamani ya maisha ya Mtu Mweusi. Kwamba mgeni kutoka Afrika Kusini, ambaye mwenyewe alikuwa hajapiga kura nchini mwake, aliwapata wazazi hao mapema kuliko polisi walivyowapata watuhumiwa, ni jambo ambalo ningependa kila afisa alifikirie kabla hajasema kwamba taratibu zilifuatwa.

Siku hizohizo mama Doreen alikwenda kuonana na afisa wa ngazi ya juu, akampa karatasi aliyoandika majina aliyoyapata kwa watu. Baadaye alitoa ushahidi kwamba, walipokuwa wakizungumza, alimwona afisa huyo akiikunja ile karatasi, akaikunja tena na tena, hata ikawa kama kidonge mkononi mwake. Afisa alieleza vingine. Mimi nimesoma habari za kesi hii kwa miaka mingi, na katika kurasa zote hizo sijaona kitu kinachoeleza uhusiano wa mwananchi na ofisi kwa uwazi zaidi ya karatasi ile. Raia analeta maarifa. Ofisi inayapokea kwa adabu. Mkono unafanya kazi yake chini ya meza.

Mashtaka dhidi ya vijana wawili yaliondolewa Julai 1993, kwa maelezo kwamba ushahidi haukutosha. Mwezi huohuo familia ilimpeleka Stephen Jamaika kumzika. Mama hakuliamini kaburi lililo katika ardhi ya Uingereza. Familia iliposhindwa kuishawishi dola kushtaki, ilishtaki yenyewe, na kesi hiyo ya binafsi ikavunjika Aprili 1996, baada ya jaji kukataa ushahidi wa utambuzi. Watuhumiwa watatu waliachiwa huru, na kwa sheria ya wakati huo hawakuweza kushtakiwa tena kwa kosa lilelile. Februari 1997, baraza lililochunguza sababu ya kifo liliamua kwamba Stephen aliuawa kinyume cha sheria, katika shambulio la kibaguzi lisilo na uchokozi wowote, lililofanywa na vijana watano Wazungu. Siku iliyofuata gazeti la Daily Mail lilichapa picha zao watano na kuwaita wauaji, likiwataka walishtaki kama limekosea. Hawakulishtaki. Watu waliisifu sana hatua ile, na ilistahili sifa. Lakini ni vyema tukakumbuka pia kwamba mhariri wa gazeti hilo alimfahamu Neville Lawrence kwa sababu fundi huyo aliwahi kufanya kazi nyumbani kwake. Je, wazazi wa kijana Mweusi ambao hawajawahi kupiga lipu katika nyumba ya mhariri wangefanyaje?

Serikali mpya iliyoingia madarakani mwaka 1997 iliunda tume chini ya jaji mstaafu, Sir William Macpherson. Vikao vyake vilifanyika mwaka 1998, katika jengo lililo juu ya maduka ya mtaa unaoitwa Elephant and Castle, na Waingereza kwa mara ya kwanza wakasikia hadharani yaliyokuwamo ndani ya jalada. Mwaka huohuo Ofili alichora picha yake. Ilikuwa miongoni mwa kazi zilizoonyeshwa Tate kwa ajili ya Tuzo ya Turner, na Desemba 1998 akatunukiwa tuzo hiyo, mchoraji Mweusi wa kwanza kuipata. Ripoti ya Macpherson ilitolewa tarehe 24 Februari 1999.

Naomba msomaji aushike mfuatano huo wa tarehe. Wakati picha inasimama kwa mara ya kwanza mbele ya umma, hakukuwa na hukumu. Hakuna mtu aliyekuwa amepatikana na hatia. Ripoti ya Macpherson ilikuwa haijatolewa. Kwa karatasi rasmi zilizokuwapo, Stephen Lawrence alikuwa kijana aliyeuawa na watu wasiothibitishwa. Tapo la wanahistoria lililonifunza mimi lilitutaka twende kwanza kwenye nyaraka za serikali, kisha tuzitazame picha kama mapambo ya jalada la kitabu. Katika kisa hiki nyaraka za serikali ndizo zilizokuwa na upungufu, na picha ndiyo iliyokuwa na habari. Haikuthibitisha nani aliua, na hiyo si kazi ya picha. Ilithibitisha kwamba kulikuwa na mtu aliyepotea ambaye thamani yake ilikuwa haijaandikwa popote isipokuwa machoni mwa mama yake.

Vifaa vyenyewe vinasaidia kuisoma hoja hiyo, na hapa ndipo ninapoona kwamba mseto wake haukuwa mbwembwe. Sura ya mama imechorwa kwa mkono, kwa rangi, nukta juu ya nukta, polepole. Sura ya mwana imechapwa kwa mashine, imekatwa, ikabandikwa. Picha ya Stephen tuliyoijua sote ilikuwa ile ya magazeti, ileile iliyorudiwa kila siku kwa miaka mingi hadi jicho likaizoea na kuacha kuiona. Ofili ameichukua picha iliyochakaa kwa matumizi, akaipunguza hadi ikawa ndogo kama ukucha, na kuirudisha mahali inapouma. Pini za ramani nazo, ambazo kazi yake ya kawaida ni kuonyesha mahali penye tukio, hapa zimechomwa katika kinyesi cha mnyama wa Afrika kuandika maneno ya mwimbaji wa Jamaika, nchi alikozikwa Stephen. Sidai kwamba mchoraji aliyapanga yote hayo kichwani mwake. Nasema vitu vinabeba historia yake, na mchoraji huyu aliviachia vizungumze.

Ripoti ya Macpherson, kwa upande wake, ilikuja na mapendekezo 70 na neno lililotikisa nchi: ubaguzi wa rangi wa kitaasisi. Maana yake, kwa ufupi, ni kwamba chombo kizima kinaweza kushindwa kuwahudumia watu kwa sababu ya rangi au asili yao, kupitia taratibu, mazoea, ujinga, uzembe wa fikra na dhana zilizorithiwa, hata pale ambapo hakuna afisa mmoja mmoja anayejiona mbaguzi. Miaka 18 nyuma, umri uleule aliofikia Stephen, Lord Scarman aliandika ripoti yake baada ya ghasia za Brixton za mwaka 1981 na kukataa kwamba Uingereza ilikuwa na ubaguzi wa namna hiyo. Baada ya Macpherson, sheria ya mwaka 2000 ilizibebesha mamlaka za umma, polisi wakiwamo, wajibu mpya kuhusu usawa wa rangi. Kisha sheria ya mwaka 2003 ikaruhusu mtu aliyeachiwa huru kushtakiwa upya kwa makosa makubwa, ukipatikana ushahidi mpya na wa nguvu. Kwa mwanafunzi wa sheria, njia kutoka kwa mama mmoja hadi kwenye vifungu hivyo ni somo la muhula mzima.

Wapo waliouliza, na wanaendelea kuuliza, kama Ofili alikuwa na haki ya kujipatia jina na tuzo kwa machozi ya mwanamke mwingine. Swali hilo ni la haki. Utetezi wa kawaida ni kwamba hakumchora Doreen Lawrence kama kamera inavyomnasa mtu. Alichora mama, naye Doreen akawa chanzo cha taswira hiyo. Jina lililoandikwa gizani ni la mwana. Naukubali utetezi huo kwa kiasi.

Lakini nina wasiwasi mwingine, ambao sijauona ukizungumzwa sana. Doreen Lawrence hakujulikana kwa kulia. Aliyemsikiliza mbele ya kamera, mwaka baada ya mwaka, alimwona mwanamke mkavu wa macho, mwenye kumbukumbu kali ya tarehe na majina, aliyekataa kutulizwa. Alimsumbua waziri, akamsumbua kamishna, akakusanya fedha za mawakili. Alikuwa mdai. Picha maarufu kuliko zote zilizotokana na kisa chake inamwonyesha mama amefumba macho na analia. Kuna jamii, na sidhani kwamba yetu imo nje ya orodha hiyo, zinazompenda mwanamke anayeomboleza kuliko anayeshitaki. Anayeomboleza hupewa leso na kiti. Anayeshitaki huambiwa ana kelele, kuna watu nyuma yake, na huulizwa nani anamlipa. Baba naye, Neville, ambaye alibeba msiba uleule, hayumo kabisa. Kwa hiyo ninapowaonyesha wanafunzi picha hii huwaomba wasiitoe peke yake. Huwaomba waweke kando yake karatasi ile iliyokunjwa, ili wamwone mama aliyekwenda ofisini kabla ya mama anayelia.

Na serikali iliifanyia nini picha hiyo? Ilinunuliwa na Tate mwaka 1999, mwaka uleule wa ripoti. Hivyo sura iliyozaliwa kwa sababu dola iliwapuuza watu ikawa mali ya taifa. Ningependa kusema kwamba huo ulikuwa ushindi, na kwa namna fulani ulikuwa. Watoto wa shule huipita, walimu huwasimulia. Lakini tazama yaliyoendelea nje ya ukumbi. Pale Stephen alipoanguka kuna kibao cha kumbukumbu kilichowekwa njiani. Kibao hicho kimeharibiwa mara kadhaa. Siku chache tu baada ya ripoti ya Macpherson kutolewa kilimwagiwa rangi, na ikabainika kwamba kamera iliyoelekezwa hapo ilikuwa hairekodi chochote. Jina moja linahifadhiwa katika chumba chenye kiyoyozi na walinzi, na jina hilohilo linachafuliwa barabarani mbele ya kamera kipofu.

Mazito zaidi yalikuja mwaka 2014. Uchunguzi ulioongozwa na wakili Mark Ellison ulifichua kwamba polisi walikuwa wamempenyeza mpelelezi wa siri, anayetajwa katika ripoti kwa alama ya N81, miongoni mwa wanaharakati waliokuwa karibu na familia ya Lawrence. Agosti 1998, tume ya Macpherson ikiwa inaendelea, mpelelezi huyo alikutanishwa na afisa aliyekuwa akisaidia kuandaa hoja za polisi mbele ya tume hiyohiyo. Fikiria mwaka huo mmoja. Katika studio moja London kuna mtu anabandika sura ya Stephen ndani ya machozi ya mama yake. Katika jiji hilohilo kuna mtumishi wa umma, anayelipwa mshahara kwa kodi za wazazi wale pia, ambaye anasogea karibu na harakati yao na kupeleka habari juu. Wote wawili walikuwa wakiikaribia huzuni ya familia ile kuliko majirani wengi. Mmoja alitia sahihi kazi yake. Mwingine alikuwa na alama.

Januari 2012, karibu miaka 19 baada ya mauaji, wanaume wawili walipatikana na hatia. Sitayataja majina yao. Yamo kwenye kumbukumbu za mahakama kwa anayeyahitaji. Kilichowatia hatiani kilitokana na uchunguzi mpya wa nguo zilizokuwa mikononi mwa polisi tangu 1993, pamoja na doa la damu ya Stephen dogo mno kwenye kola ya koti. Yaani ushahidi ulikuwa ghalani muda wote huo. Walihukumiwa kifungo cha maisha, kwa vima vya chini vinavyowafaa watoto, kwa kuwa walikuwa chini ya miaka 18 siku ya mauaji. Wengine waliohusika hawajawahi kuhukumiwa. Mwaka 2013 Doreen Lawrence aliingia katika Baraza la Malodi, na tangu 2019 tarehe 22 Aprili huadhimishwa nchini humo kwa jina la mwanawe.

Machi 2023, Louise Casey alitoa ripoti yake kuhusu polisi wa London na kuwaona, kwa mara nyingine, kuwa na ubaguzi wa rangi wa kitaasisi, pamoja na ubaguzi dhidi ya wanawake na dhidi ya mashoga. Kamishna alikiri uzito wa matokeo hayo, ila akakataa kulitumia neno lenyewe, "kitaasisi". Neno hilo lilikuwa na umri wa miaka 24 katika kumbukumbu za nchi yake.

Miezi sita baadaye, Septemba 2023, Ofili alirudi Tate Britain na kazi nyingine ya maombolezo, safari hii iliyochorwa juu ya kuta tatu za ngazi za jumba lenyewe. Inaitwa Requiem. Inawakumbuka watu 72 waliokufa kwa moto wa jengo la Grenfell mjini London, Juni 2017, na katikati yake yupo Khadija Saye, msanii kijana mwenye asili ya Gambia ambaye Ofili alikutana naye Venice wiki chache kabla hajafia katika moto huo pamoja na mama yake. Amechorwa akiwa ameshika chetezo cha Kigambia karibu na sikio, kama anavyoonekana katika mojawapo ya picha alizojipiga mwenyewe. Ripoti ya mwisho ya uchunguzi wa moto wa Grenfell ilitolewa tarehe 4 Septemba 2024, na siku hiyo hakuna mtu aliyekuwa amefunguliwa mashtaka ya jinai kwa vifo vile. Mchoro ulikuwa umekwisha kukaa ukutani karibu mwaka mzima.